Kuzeeka, Uzee na Ukongwe: Kiswahili na Biolojia ya Maisha Marefu kwa Kipimo cha Shelui

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega huteremka Mlima Sekenke na kuingia Shelui, mji mdogo wa Wilaya ya Iramba ulio ukingoni mwa mbuga ya Wembere. Hapo hukutana Wanyiramba, Wasukuma, Wanyamwezi na Wataturu, na lugha inayowaunganisha sokoni, zahanatini na darasani ni Kiswahili. Tumeichagua Shelui kuwa kipimo cha makala hii kwa sababu mbili. Kwanza, maji ya Wembere huingia Ziwa Kitangiri, na kutoka hapo Mto Sibiti huyapeleka Ziwa Eyasi. Kandokando ya Eyasi, miongoni mwa Wahadza, ndiko zilikofanyika baadhi ya tafiti zinazotajwa sana duniani kuhusu sababu ya mwanamke kuishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa. Pili, Shelui iko jirani na ukanda wa Tabora na Shinyanga ambako, kwa miongo mingi, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mojawapo ya alama zilizowaponza ni wekundu wa macho.

Makala hii inakusudia kueleza kwa muhtasari yale ambayo biolojia imeyafikia kuhusu kuzeeka na maisha marefu, na papo hapo kuchunguza iwapo msamiati wa Kiswahili unaweza kuyabeba maarifa hayo. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kinatenganisha mambo mawili: kuzeeka, yaani mabadiliko yanayoupata mwili, na uzee, yaani hali na nafasi ya mtu aliyeishi miaka mingi. Biolojia ya leo inayahitaji yote mawili. Mwalimu au mhudumu wa afya anayeyachanganya huipotosha sayansi. Na katika mazingira kama hayo tuliyoyataja, anaweza pia kumhatarisha mtu.

2.0 Msamiati wa Uzee

Shina -zee limezaa maneno mengi ambayo hayalingani kimaana. Kitenzi zeeka kimeundwa kwa kuongeza kiambishi cha kugeuka hali, na kinataja mwendo: mtu huanza kuzeeka kabla hajawa mzee. Nomino uzee inataja hali iliyokwisha fikiwa. Mzee, kwa upande wake, limevuka mpaka wa umri na kuwa neno la heshima. Kijana wa miaka 30 akiwa mkuu wa kazi huitwa mzee na walio chini yake bila mtu kushangaa. Ndiyo maana Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ililazimika kuweka mpaka wa miaka 60 ili neno hilo lipate maana moja ya kiutawala.

Mgawanyo wa kijinsia katika kundi hili unastahili kuangaliwa kwa makini. Kisarufi, mzee halina jinsia. Katika matumizi, hata hivyo, likitangulia jina la mtu humaanisha mwanamume. Mwanamke wa rika hilohilo huitwa bibi au mama. Pale umri wake unapotakiwa kutajwa waziwazi, yanayokuja haraka ni kizee, ajuza na kikongwe. Hatusemi kwamba kiambishi ki- peke yake hudunisha: kijana na kiongozi wamo katika umbo hilo, na upatanisho hubaki wa viumbe hai, kama katika “kizee huyu amekuja”. Tunachosema ni kwamba neno la heshima limeelekea kwa mwanamume, na mwanamke ameachiwa maneno yanayoutaja mwili: mikunjo, kibyongo, ukongwe.

Kuna pia maneno ya vitu. Nguo huchakaa, nyumba huwa kuukuu, chuma huliwa na kutu. Maneno haya huazimwa mara kwa mara kumweleza binadamu, na hapo ndipo mwalimu wa biolojia anapohitaji tahadhari, kama tutakavyoona katika sehemu inayofuata.

3.0 Mwili Unaojirekebisha

Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mwili huzeeka, jibu la haraka ni kwamba unachakaa kama kanga au tairi. Jibu hili halitoshi. Kanga haijirekebishi, lakini mwili hujirekebisha kila siku: ngozi iliyokatwa huunga, mfupa uliovunjika hushikana, damu iliyomwagika hurudi. Swali sahihi, basi, ni kwa nini urekebishaji huo unalegea.

Majibu matatu ya kinadharia yalijengwa katika karne ya 20. Peter Medawar alieleza mwaka 1952 kwamba nguvu ya uteuzi asilia hupungua kadiri umri unavyosogea. Hitilafu ya jeni inayomwua kiumbe kabla hajazaa hupotea pamoja naye. Inayomdhuru baada ya kuzaa huwa imekwisha rithishwa. George Williams aliongeza mwaka 1957 kwamba jeni moja yaweza kuleta faida ujanani na hasara uzeeni, na uteuzi asilia ukaihifadhi kwa ile faida. Mwaka 1977 Thomas Kirkwood alilitazama suala hili kama mgawanyo wa akiba, na mkulima wa Shelui analielewa bila taabu: mtama uliomo ghalani ni chakula na pia ni mbegu. Mwili nao una nguvu zenye kikomo, na kila kinachotumika katika uzazi hakitumiki katika kuurekebisha mwili wenyewe.

Kwa upande wa seli, hatua ya msingi ilipigwa mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walipoonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zinazokuzwa maabarani hugawanyika takribani mara 50, kisha husimama. Sababu mojawapo ilibainika baadaye: kwenye ncha za kromosomu kuna telomea, ambazo hufupika seli inapogawanyika. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kugundua jinsi telomea, pamoja na kimeng'enya kiitwacho telomerasi, zinavyozilinda kromosomu.

Seli iliyosimama haifi. Hubaki hai na kutoa kemikali zinazochochea uvimbe miongoni mwa seli jirani. Mwaka 2011 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha kwamba panya waliofanywa wazeeke upesi walichelewa kupata maradhi kadhaa ya uzeeni baada ya kuondolewa seli za aina hiyo. Mwaka 2016 walionyesha kwamba hata panya wa kawaida huongezewa maisha kwa njia hiyo. Istilahi ya seli hizi ina utata. Kuziita “seli kongwe” kunapotosha, kwa sababu hupatikana hata katika mwili mchanga, kwa mfano pale kidonda kinapopona. Twapendekeza “seli zilizokoma”, kwa kuwa kitenzi koma ndicho kinachotaja tukio lenyewe, na Kiswahili kimekizoea katika “kukoma hedhi”. Mwandishi achunge tu asiandike “zilizokomaa”, kwani irabu moja itabadili maana yote.

Mwaka 2013 Carlos López-Otín na wenzake walikusanya tafiti hizi na kuorodhesha dalili bainifu 9 za kuzeeka; mwaka 2023 waliiongeza orodha hiyo hadi 12. Humo mna hitilafu za DNA, kufupika kwa telomea, udhaifu wa mitokondria, kukoma kwa seli, uvimbe sugu na kuvurugika kwa bakteria wa utumbo. Orodha hiyo inaonyesha kwamba kuzeeka hakuna chanzo kimoja, na kwa hiyo hakutarajiwi kuwa na dawa moja.

Hata hivyo, imethibitika kwamba mwendo wa kuzeeka unaweza kubadilishwa. Clive McCay na wenzake walionyesha mwaka 1935 kwamba panya waliopunguziwa chakula, pasipo kukosa virutubisho, waliishi muda mrefu zaidi. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walitangaza kwamba badiliko katika jeni moja la mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, liliongeza maisha yake zaidi ya mara mbili. Jeni hilo likaja kutambuliwa kuwa linahusika na mfumo unaofanana na ule wa insulini. Mwaka 2009 ilionekana kwamba rapamisini, dawa iliyokwisha kutumiwa kwa watu waliopandikizwa figo, huongeza maisha ya panya hata wakianza kupewa wakiwa na siku 600, umri unaolinganishwa na miaka kama 60 ya binadamu. Matokeo haya ni ya wanyama wa maabara. Haijathibitishwa kwamba kuna kidonge kinachorefusha maisha ya binadamu mwenye afya, na anayekiuza mnadani anauza maneno.

Inafaa kuimaliza sehemu hii kwa methali. Wasemao kwamba ng'ombe hazeeki maini hulenga tamaa zisizoisha za mzee, lakini picha waliyoichagua ina ukweli wa kibiolojia. Mwaka 2022 kundi la Olaf Bergmann huko Dresden, Ujerumani, lilipima umri wa seli za maini ya binadamu kwa kutumia kaboni ya mnururisho iliyoenea hewani baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Liligundua kwamba, iwe mwenye ini ana miaka 20 au 84, seli zake nyingi zina wastani wa miaka isiyozidi 3 hivi. Hali kadhalika, watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2023, kwa kupima protini za damu, kwamba viungo vya mtu mmoja havizeeki kwa kasi moja. Umri wa mtu ni mmoja kwa kalenda, lakini mwilini ni mwingi.

4.0 Fuko wa Afrika Mashariki

Ushahidi kwamba mwendo wa kuzeeka hautofautiani kwa ukubwa wa mwili peke yake umetoka pia chini ya ardhi ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Huko anaishi fuko asiye na manyoya, mnyama mdogo mwenye uzito wa gramu 35 hivi. Panya mwenye umbo la kulinganishwa naye hufikisha miaka 3 au 4 kwa shida. Fuko huyu hupita miaka 30.

Tangu Benjamin Gompertz alipoandika mwaka 1825, inajulikana kwamba hatari ya kufa huongezeka kwa kipimo maalumu kadiri umri unavyosogea. Kwa binadamu mtu mzima hujirudufu kila baada ya takribani miaka 8. Mwaka 2018 Rochelle Buffenstein na wenzake walichambua kumbukumbu za mafuko zaidi ya 3,000 na kuripoti kwamba hatari hiyo haikuongezeka kwa umri. Mnyama huyu anakufa, lakini uwezekano wake wa kufa mwaka wa 20 haukuwa mkubwa kuliko wa mwaka wa 5. Kundi jingine, la Vera Gorbunova na Andrei Seluanov, lilieleza mwaka 2013 kwamba kemikali iitwayo hialuronani, ambayo kwa fuko ina molekuli kubwa mno, humkinga na saratani. Mwaka 2023 likaonyesha kwamba panya waliopewa jeni ya fuko inayoitengeneza waliongezewa maisha kidogo.

Kwa mtaalamu wa lugha, fuko huyu analeta swali gumu: je, anazeeka? Miaka yake inaongezeka, ila hatari yake haiongezeki. Kiswahili kinaweza kulijibu bila kujikanganya: fuko huyu anapata umri lakini hazeeki, au huzeeka kwa uchache mno. Tofauti kati ya kupata umri na kuzeeka imo katika lugha ya kila siku, na ndiyo inayohitajika hapa.

5.0 Bibi wa Bonde la Eyasi

Kufikia hapa tumezungumzia kuzeeka. Sasa tuugeukie uzee. Nadharia ya Medawar ina fumbo ndani yake: iwapo uteuzi asilia haujali maisha ya baada ya uzazi, kwa nini mwanamke huishi miongo kadhaa baada ya kukoma hedhi?

Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walilitafutia jibu miongoni mwa Wahadza, wawindaji na wakusanyaji wa bonde la Eyasi, ambao baadhi yao wanaishi katika Wilaya ya Mkalama iliyokatwa kutoka Iramba. Katika makala ya mwaka 1989, na nyingine za 1997 na 1998, walionyesha kwamba wanawake waliokwisha kukoma kuzaa hawakuwa mzigo kambini. Walichimba mizizi ya porini kwa saa nyingi kuliko wanawake wenye umri wa kuzaa. Mama alipokuwa na mtoto mchanga, kuongezeka kwa uzito wa mtoto aliyetangulia kulifungamana na kazi ya bibi yake. Hoja iliyotokana na matokeo hayo ni kwamba bibi mwenye nguvu aliwawezesha binti zake kuzaa mapema tena, na jeni zilizomrefushia maisha zikaenea kupitia kwa wajukuu.

Takwimu zao zinarekebisha pia kosa la kawaida. Matarajio ya maisha ya Mhadza wakati wa kuzaliwa yalikadiriwa kuwa kiasi cha miaka 33, na wengi husoma tarakimu kama hii wakidhani kwamba zamani hapakuwa na wazee. Sivyo. Wastani huo ulishushwa na vifo vya watoto. Mwanamke aliyefikisha miaka 45 alitarajiwa kuishi takribani miaka 20 mingine. Wazee ni wa kale kama binadamu mwenyewe.

Nadharia hii haijapita bila kupingwa. Mwaka 2023 Brian Wood na wenzake walitangaza kwamba sokwe jike wa Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, nao hukoma hedhi na wengine huishi miaka mingi baadaye, ingawa mabinti wao kwa kawaida huhamia makundi mengine na hivyo bibi halei wajukuu kwao. Kwa hiyo malezi ya bibi huenda yasiwe maelezo pekee. Lakini ushahidi wa kazi ya bibi wa Kihadza unabaki palepale.

Utafiti mwingine wa Wahadza, wa David Samson na wenzake mwaka 2017, uliwapima usingizi watu wazima 33 kwa siku 20. Muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja haukuzidi dakika 18. Tofauti za umri zilichangia sana hali hiyo, kwa kuwa wazee hulala na kuamka mapema kuliko vijana. Watafiti walipendekeza kwamba usingizi mwepesi wa mzee si ugonjwa kila mara. Pengine ni ulinzi uliorithiwa, ambao kambi ililala salama chini yake.

6.0 Macho Mekundu

Kutoka Eyasi turudi kwenye ukanda unaopakana na Shelui. Simeon Mesaki, aliyechunguza mauaji ya watuhumiwa wa uchawi Usukumani, alitumia takwimu za serikali zilizoonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu zaidi ya 3,600, wengi wao wanawake. Mauaji hayo yana sababu nyingi, zikiwamo ugomvi wa ardhi na urithi, na wala hayakuletwa na msamiati. Lakini tuhuma huhitaji alama, na alama zilichukuliwa kutoka mwilini mwa mzee: mikunjo, na hasa macho mekundu. Hata kukesha, ambako kambini Eyasi kwaweza kuwa ulinzi, katika mazingira ya tuhuma hugeuzwa ushahidi.

Macho mekundu yana maelezo. Moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dohani huyachoma kwa miaka mingi. Umri nao hupunguza machozi. Aidha, kuna trakoma, maradhi ya bakteria ambayo yamechunguzwa kwa muda mrefu wilayani Kongwa, Mkoa wa Dodoma. Maambukizi yake hukaa zaidi kwa watoto wadogo, yakipita kwa vidole, vitambaa na nzi. Mtu akiambukizwa mara nyingi, kope hupata makovu ndani, nywele zake hujikunja na kuikwaruza mboni, jicho huwa jekundu na hatimaye hupofuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu wanawake wa Tanzania ulionyesha kwamba wanaolea watoto huugua zaidi kuliko wasiolea, na hatari huongezeka idadi ya watoto wenye maambukizi inapoongezeka.

Tuyaweke sasa matokeo ya Eyasi na ya Kongwa pamoja. Kazi inayotajwa na biolojia kuwa huenda ndiyo iliyompa bibi maisha marefu ni ulezi. Na ulezi huohuo ndio unaomwambukiza bibi ugonjwa wa macho. Macho yanayosingiziwa kuwaroga watoto, mara nyingi, ni macho yaliyougua kwa kuwalea.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Kiswahili hakikosi uwezo wa kueleza biolojia ya maisha marefu. Kinachotakiwa ni nidhamu ya matumizi. Kwa muhtasari twapendekeza yafuatayo. Kuzeeka kutumike kwa mabadiliko ya mwili tu, na uzee kwa kipindi cha maisha na nafasi ya mtu katika jamii. Kupata umri kubaki kwa hesabu ya miaka. Kuchakaa kuachiwe vitu visivyojirekebisha. Kwa miaka ambayo mtu huishi akiwa na afya, kinyume cha jumla ya miaka anayoishi, neno uzima linafaa kuliko neno lolote la kubuni, kwa kuwa tayari linaunganisha uhai, afya na ukamilifu: tuseme “muda wa uzima” mkabala na “muda wa maisha”. Mwisho, katika vitabu vya shule na mabango ya afya, mwanamke aliyezeeka aitwe mzee, sawasawa na mwanamume. Kizee na ajuza vibaki katika hadithi vilikozoeleka.

Istilahi hizi hazitajaribiwa vyumbani mwetu. Zitajaribiwa siku ambapo mwalimu au mhudumu wa afya wa Shelui atakaposimama mbele ya watu kueleza kwa nini macho ya bibi fulani ni mekundu. Akiwa na neno lililo sahihi, atamweleza mgonjwa anayehitaji tiba. Asipokuwa nalo, wapo walio na neno lao tayari.